Kumi Kwako, Kumi Kwangu

Shemeji alikuwa ameipanga mizinga ya nyuki safu mbili, kumi na kumi, na safu moja ilikuwa imepakwa rangi mpya ya samawati, inavutia macho.

"Chagua safu unayoitaka," alimwambia mdogo wangu mbele ya wakili. "Nisije nikaambiwa nimedhulumu mtu."

Nyumba ilikuwa ya baba yake shemeji, watoto hawakujaliwa, kwa hiyo ndoa ya miaka kumi na tisa ilikuwa imewabakizia mizinga hiyo tu ya kugawana. Mdogo wangu angeishi kwa asali ya ile atakayoondoka nayo. Akikosea, angebaki sebuleni kwangu, alikokuwa analala miezi miwili tangu watengane. Ndiyo maana nilikuja kumsimamia. Huyu ni mtu wa kumezwa mzima mzima huku anasema ahsante.

"Chukua ya rangi," nilimnong'oneza. "Tia sahihi twende zetu."

"Ngoja kidogo, dada."

Akavua viatu, akauendea mzinga wa kwanza bila wavu usoni. Akapiga magoti, akabandika sikio ubavuni mwa mzinga, akagonga mara moja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akahamia wa pili, wa tatu, mingine akiitia alama ya chaki. Nyuki walimpanda mkono mpaka shingoni, naye wala hana habari nao. Wakili alitazama saa. Mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea haya.

Alipomaliza, safu ya rangi ilikuwa na alama sita za chaki. Safu chakavu haikuwa na hata moja.

"Hii sita haina malkia," alisema. "Wenye malkia ukiugonga, nyuki wananguruma mara moja, wananyamaza. Hawa wanalia, hawakomi. Baada ya miezi michache yatabaki maboksi matupu."

"Mimi nilivuna tu," shemeji alisema. "Nikapaka rangi."

"Ulivuna bila kumtafuta malkia kwanza, ukamuua. Hiyo kazi nilikuwa naifanya mimi."

Shemeji akavaa wavu, akafungua mzinga mmoja wenye chaki, akatoa sega moja baada ya jingine akiyainua juani. Hakuna yai hata moja, wala malkia wa kulitaga. Akafungua wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu hakuugusa.

 Nilimbeba mgongoni akiwa mchanga, nikamfunza kufunga kamba za viatu, na siku zote hizo sikumjua. Nilimtazama amesimama peku kwenye nyasi, nikatamani kumwamkia.

"Iliyo hai ni kumi na minne," aliendelea, sauti ile ile ya chini. "Saba yako, saba yangu. Hii sita tugawane mitatu mitatu. Ya kwangu nitaitafutia malkia."

Wakili alikata mstari kwenye hati, akaandika upya. 

Shemeji alikuwa bado ameshika kifuniko cha mzinga. "Kumbe ulikuwa unasikiliza," alisema. "Miaka yote nikikukuta umeegemeza kichwa hapo, nilidhani umechoka."

Mdogo wangu alipokea kalamu, akatia sahihi taratibu, herufi kwa herufi.

"Ulidhani nimechoka," alisema, "na hata kigoda hukuniletea."