Pikipiki Iliyofuatwa na Paka

Siku Maftaha Likwata aliposhusha pikipiki yake mpya kutoka juu ya lori, Kilwa Kivinje nzima ilitoka kuitazama. Tangi lake lilikuwa jekundu kama komamanga, na usukani umeinama chini, kwa namna ya zile za mashindano, hata mpandaji hana budi kulala kifudifudi juu ya tangi mithili ya mtu aliyeshikwa na msokoto wa tumbo. Miaka minne Maftaha alipakua mizigo bandarini Dar es Salaam. Hakununua suruali, hakununua redio, mpaka akainunua hiyo. Vijana wa chama wakamwuliza iwapo chombo kile ni cha ujamaa au cha ubepari.

"Cha ujamaa," akawajibu. "Hamwoni mnavyokifaidi wote kwa macho?"

Babu yake, Mzee Likwata, hakucheka. Alikuwa fundi wa majahazi tangu ndevu zake zilipokuwa nyeusi, na hakuna chombo kilichotoka mkononi mwake kikiwa kitupu, bila kupakwa dawa.

"Chumvi ya pwani haiulizi kama chombo ni cha majini au cha nchi kavu," akasema. "Lete spana."

Siku mbili mzee alikaa juu ya kigoda, akifungua nati moja baada ya nyingine, akiipaka shahamu, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya papa upakwao kwenye mbavu za majahazi, kisha akiirudisha mahali pake kwa mkono wa upole. Maftaha alimshikia spana. Mtu hamwambii babu yake kwamba chombo hiki hakiliwi na mchwa wa baharini.

Tangu hapo pikipiki ikapata mambo mawili ambayo haikutoka nayo dukani. La kwanza ni paka. Popote iliposimama, wawili watatu walijitokeza wakaizunguka wakinusa, na mmoja wa kwa muuza samaki akawa analala juu ya kiti chake. La pili halikuchekesha: pikipiki ilianza kuzimika. Ilikwenda vizuri maili tano, maili kumi, kisha akipiga honi, honi ilitoa sauti ya kifaranga, na mashine ikafa. Akikanyaga breki, taa ya nyuma ilififia, na mashine ikafa. Akibadilisha plagi, ilimpa siku mbili za amani. Akisafisha kabureta, ilimpa moja. Aliipeleka hadi Lindi kwa Fundi Nassibu wa Mitwero, ambaye alitoa betri akaichaji usiku kucha, akasema betri ni nzima kama mtoto wa mwezi. Nati zote alizikuta safi, nyeupe, zimekazwa, hakuzigusa.

Yote hayo yangekuwa mzaha wa barazani lau si Mastura.

Mastura alikuwa binti wa Mzee Huseni wa Likawage, kule bara, na Mzee Huseni alikuwa mtu aliyesoma dini, mkali wa ahadi. Siku ya posa Maftaha alizimikiwa njiani, akafika kesho yake akiisukuma pikipiki huku wenyeji wamekwisha kula na kuosha masufuria. Mzee Huseni hakumfukuza. Alimwambia mshenga wa kijana kwa utulivu uliotisha zaidi ya ukali:

"Nikaha itakuwa Ijumaa ya tarehe kumi na mbili, mara tu baada ya sala. Imamu akitoa salamu na kijana wako hajafika kusali nasi Ijumaa, basi mwambie asisumbuke tena. Mwenye kumngojesha mkwe siku moja, mke atamngojesha maisha."

Alhamisi, ndugu wote wa bwana harusi, pamoja na Mzee Likwata, walipanda lori la ushirika kuelekea Likawage. Maftaha alikataa kupanda. Alikuwa amemwahidi Mastura kwamba ataingia kijijini juu ya tangi jekundu, na wala hakuona ubaya wa kijana kuwa na neno lake mwenyewe mbele ya mkewe mtarajiwa. Betri alikwisha kuichaji, plagi ni mpya. Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi akaondoka, na nyuma yake amekaa mshenga, Mzee Yunusu, mshona kofia, amevaa kanzu yake ya Idi na mkononi ana mwavuli.

"Ukiona gogo njiani, sema," alisema Mzee Yunusu. "Mimi nimefumba macho."

Saa tatu na nusu mbuzi akakatiza barabara. Maftaha akakanyaga breki na kupiga honi kwa pamoja. Kifaranga kikalia mara moja. Kimya.

Alipiga teke la kuwashia mara arobaini. Mzee Yunusu alizihesabu. Kisha wakaisukuma, mmoja usukani, mmoja nyuma, hadi walipousikia mlio wa mashine ya kusaga. Kilikuwa kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari miwili, na bandani kwenye mashine ile ya kijiji alikuwapo mwanamke mmoja, amejaa unga tangu shati hadi kope, anaitwa Martina. Chama kilimpeleka kusomea mashine miezi sita, naye ndiye aliyeiendesha, akaitengeneza ilipougua.

"Dada, nisaidie," Maftaha alisema huku akihema. "Nina nikaha Likawage, leo, saa saba."

Martina akafungua mdomo kujibu, lakini sauti ilitoka kwenye mstari wa wanawake waliokaa na madebe yao ya mahindi.

"Foleni inaanzia kule, bwana harusi!" Alikuwa mama mnene aitwaye Binti Mboni, wa tatu kutoka mbele. "Hapa hakuna ubwana. Mwenyekiti mwenyewe juzi kasimama nyuma ya bibi kizee."

"Mama, nikichelewa ninamkosa mke!"

"Nami nikichelewa mume wangu anakosa ugali. Nani ana dhiki zaidi?"

Wakacheka hadi wengine wakaegemeana. Maftaha aliangalia jua. Akaliangalia tena, na pengine hilo ndilo lililomlainisha Binti Mboni.

"Haya," akasema. "Nakupa zamu yangu, na hawa wawili walio mbele watakubali, nawajua. Lakini kazi ya kijiji haisimami. Martina akishika pikipiki, nyinyi mtashika mahindi. Wewe umwage kwenye mashine. Na mzee mwenye mwavuli atapepeta."

"Mimi?" akasema Mzee Yunusu. "Kwa kanzu hii?"

"Pumba hazing'ati, babu."

Ndivyo mshenga wa nikaha alivyoketi juu ya mkeka, ungo mkononi, akipepeta kwa ustadi mbaya kiasi kwamba wanawake wawili walisimama kumfundisha. Na ndivyo Maftaha alivyomwaga madebe huku shingo imegeukia nyuma, akimtazama Martina.

Martina hakugusa plagi wala kabureta. Aliuliza kwanza. Inazimika lini? Ukipiga honi? Na ukikanyaga breki? Na honi yenyewe inaliaje? Kisha akachomoa balbu ya taa ya nyuma, akaifunga nyaya mbili. Waya mmoja aliugusisha kichwa kimoja cha betri, wa pili kichwa cha pili. Balbu ikawaka nyeupe.

"Betri haina kosa," akasema.

Waya wa pili akautoa kwenye betri, akaugusisha chuma cha pikipiki, pale alipopakwaruza kwa kisu. Balbu ikawa nyekundu, hafifu, kaa la moto linalokufa.

"Njoo uone, kaka. Umeme unatoka nyumbani vizuri, lakini njia ya kurudi hauipati. Ukiutaka kidogo, unajipenyeza. Ukitaka honi na breki kwa pamoja, unashindwa, na mashine inakosa haki yake."

Akaufuata kwa kidole waya mweusi kutoka kwenye betri hadi chini ya kiti, palipokuwa na nati moja iliyoufungia kwenye chuma. Akaifungua. Akainusa. Wakati huohuo paka watatu wa bandani, waliokuwapo kwa ajili ya panya, walikuja wakakaa miguuni pake.

"Mbona hapa pananuka papa?"

Maftaha aliiona ile nati nyeupe, iliyopakwa kwa mkono wa upole ndani na nje, na shahamu imegandamana baina ya waya na chuma kama plasta ya ukuta. Akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyoshika spana.

"Hiyo," alisema polepole, "ni dawa ya majahazi."

"Basi jahazi lako halivuji tone," Martina akajibu. Akakwangua kwa kisu, akasugua kwa msasa hadi chuma kikameremeta, akakaza. "Piga honi."

Ililia hata Mzee Yunusu akaruka na ungo wake. Teke moja, mashine ikanguruma. Jua lilikuwa limekaribia utosi.

Walikwenda. Mzee Yunusu hakuhitaji kufumba macho tena, kwa kuwa macho yalikuwa yamejaa pumba. Likawage ilipotokea, kutoka msikitini ilisikika sauti ya Imamu akisoma, na hiyo ilimwambia Maftaha kwamba hotuba imekwisha, watu wamo katika sala. Aliiacha pikipiki palepale barabarani. Alitawadha kwa kopo la maji lililokuwa mlangoni, maji yakateremka mekundu kwa vumbi, akaingia. Imamu alikuwa amerukuu, mgongo umeinama. Maftaha alisimama, akahirimia kwa takbira, akarukuu, akapata utulivu wa rukuu kabla Imamu hajainua kichwa. Ilikuwa rakaa ya pili, ya mwisho. Imamu alipotoa salamu, Maftaha aliinuka kuikamilisha iliyobaki, na watu wote wakageuka kumtazama kijana anayesali peke yake, mgongo umejaa unga.

Alipomaliza, Mzee Huseni alikuwa amekaa mbele yake.

"Mjomba," akasema mpwa mmoja wa mzee, "ulisema asali nasi Ijumaa. Huyu kaikuta sala inaondoka."

Mzee Huseni alimtazama Maftaha.

"Nini kilikuchelewesha?"

Mstari wa mbele, baina ya wazee, alikaa Mzee Likwata, mikono juu ya fimbo, akingoja jibu hilo kama wote. Maftaha alimwona.

"Nati moja, baba. Ilizuia umeme," akasema. "Na mwenye chombo ni mimi. Nilipaswa kuitazama kabla sijaahidi. Kosa la chombo ni la nahodha."

Mzee Huseni alizungusha tasbihi yake.

"Aliipata rukuu?" akamwuliza mtu aliyesali kando ya Maftaha.

"Aliipata, sheikh. Nilizisikia pumzi zake zikitua."

"Basi mwenye kuipata rakaa pamoja na Imamu ameipata Ijumaa. Hiyo si hukumu yangu, ni ya dini, tumeikuta." Akamgeukia mpwa wake. "Na mwenye kuipata Ijumaa siwezi mimi kumwambia hakufika."

Akaunyosha mkono wake wa kuume. Maftaha akaushika, viganja vikakutana, na Imamu akaanza kusoma hotuba ya nikaha.