Walji Anaoa

Kamlaben aliletwa Wete kutoka Gujarat, India, mwaka 1957, bibi harusi wa Walji mwenye duka la vitambaa. Kiswahili hakukijua kabisa. Jirani yake, Bi Mwatima, alimfundisha kidogo kidogo wakati wakianika nguo: kula, kulala, kuoga.

Asubuhi moja Bi Mwatima alipiga hodi, akauliza, "Bwana yuko wapi?"

"Yuko uani," Kamlaben akajibu kwa fahari. "Anaoa."

"Anaoa? Leo hii?"

"Kila siku. Asubuhi anaoa, jioni anaoa tena."

Bi Mwatima alitoka mbio, akarudi na wanawake wa mtaani. Wakamkumbatia mtoto wa watu, wakalia naye. Kamlaben akalia pia, asijue analilia nini. Hapo Walji akatokea, taulo kiunoni, mapovu ya sabuni masikioni.

Wote walicheka isipokuwa Kamlaben. Mumewe alipomweleza alichokisema, alijifungia chumbani, na kwa miezi kadhaa akawa haongei Kiswahili tena ila kusalimia tu.

Siti, bintiye Bi Mwatima, alipokaribia kuolewa, Kamlaben alialikwa kwenye hina. Alikaa kimya pembeni. Bi Mwatima akataka kumchangamsha, akawaambia wenziwe, "Huyu siku moja bwana'ke alikuwa anaoga, yeye akaniambia anaoa!"

Wanawake wakatabasamu kwa adabu, basi.

Kamlaben alishindwa kuvumilia kuona kisa chake kinaharibiwa namna ile. "Sivyo, Bi Mwatima. Niachie mimi."

Akasimama mbele yao. Akaeleza alivyolikariri neno lile tangu alfajiri, na raha aliyoiona alipoulizwa. Kuoga hakukutaja. Akaigiza kilio cha Bi Mwatima, kisha chake mwenyewe, halafu akanyamaza.

"Ehe, ikawaje?" wakamuuliza.

"Bwana harusi akatoka," akasema taratibu. "Mapovu haya hapa, masikioni."

Chumba kizima kililipuka kwa vicheko. Siti alitikisika hata hina ikamchirizika mpaka kwenye kiwiko. Bi Mwatima alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Wallahi nilikuwapo," alisema, "lakini leo ndiyo nimekisikia."

Kamlaben akaketi katikati yao, akanyoosha mikono naye apakwe. Mpaka adhana ya magharibi alikuwa bado anazungumza. Anakosea, wanamsahihisha, anaendelea.