Zimeni Injini, Tuombe

Kuagana kwa Wakenya wa kanisa lile la Minneapolis kulikuwa ibada ya pili. Waliagana mlangoni, wakaagana tena kwenye ngazi, wakamalizia kwenye madirisha ya magari, na muda wote huo injini zilinguruma ili viti vipate joto. Jiji lilikuwa limekataza mtindo huo, likasimamisha hadi kibao. Washirika walikisoma, wakakisifu kwa rangi yake, wakaendelea kunguruma.

Moshi wote uliishia chumba cha kwaya. Kendi, mwenye miaka tisa na pumu, alikuwa akikohoa humo hadi machozi. Mama alikuwa ameshakata shauri: leo akikohoa tena mazoezini, kwaya basi. Wimbo wa Pasaka ataimba mwingine.

Dada yake, Nkatha, aliapa kwamba jambo hilo halitatokea. Alitundika kwenye dirisha la chumba cha kwaya kipimo cha hewa alichoazima shuleni. Taa yake ikawaka nyekundu: hewa chafu. Akamwendea Mzee Zachariah, aliyeegemea pikapu yake inayonguruma.

"Mzee, zima injini kidogo, tafadhali."

"Wewe msichana, kibao kile ni cha malori. Hii pikapu imeokoka."

Wenzake wakacheka.

Nkatha hakubishana. Shule ya bweni kule Meru ilikuwa imemfundisha kwamba sala ndefu humeza kipindi kizima cha hesabu. Akapanda juu ya rundo la theluji, akainua mikono.

"Wapendwa, tuombe!"

Nani angeombewa huku gari likinguruma? Injini zikazimwa moja moja, kofia zikavuliwa, macho yakafumbwa. Nkatha akawaombea wagonjwa, wasafiri, migongo ya wauguzi, kisha vituo vya basi, kimoja kimoja, hadi Columbia Heights. Jicho lake moja lilibaki wazi, likitazama taa. Njano.

"Amina," Mzee Zachariah akadokeza, meno yakigongana.

"Bado, Mzee. Sijafika Golden Valley."

Ndani, sauti ya Kendi ikapanda, nyembamba na safi, ikafika ubeti wa mwisho bila kikohozi. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na koti la Kendi tayari mkononi, akalirudisha msumarini. Taa ikawa kijani.

"Amina!"

Mikono ikakimbilia funguo.

"Ama niombee na vituo vya Saint Paul?" Nkatha akauliza, akiinua tena mikono.

Mzee Zachariah akatia funguo mfukoni. "Jameni, tuagane kwanza, ndipo tuwashe. Huyu mtoto hatanii."