Picha Iliyoharibika

"Bibi, sogea kidogo. Umeingia kwenye picha."

Fumiyo akasogea. Mzee mwingine akampungia mkono, naye Fumiyo akasogea tena, hadi mgongo ukagusa uzio wa mianzi. Wazee walikuwa wamejipanga kando ya bwawa, kamera zao zimesimama kwenye miguu mitatu, zote zimeelekea mti mmoja wa Kijapani uitwao momiji, ambao majani yake yalikuwa yamegeuka mekundu hadi yale yanayogusa maji. Hakuna aliyebonyeza. Walingoja watalii wapite. Novemba bustani hii ya mji wa Kanazawa haiishi watu, lakini wazee hawa wana subira ya mwindaji, maana kwao picha yenye mtu ndani imeharibika.

Marehemu mumewe, Kihachi, alikuwa mmoja wao, tena ndiye mkali kuliko wote.

"Shemeji!" Okuda, rafiki wa marehemu, akaja na kofia yake ya sufu. "Umekuja kuuona mti wake?"

"Nimekuja kutafuta picha yake. Keshokutwa inatimia siku ya arobaini na tisa tangu afariki, kasisi wa Kibudha anakuja kumwombea, na kwenye altare ya nyumbani nimeweka ile ya leseni ya udereva. Nimeikuza. Anaonekana kama mwizi anayesakwa."

Okuda akacheka, akajizuia.

"Cheka tu," Fumiyo akasema. Yeye hakuwa amecheka wala kulia tangu siku Kihachi alipofia hospitalini. Majirani walimsifu kwa kujikaza. Kujikaza gani? Alipika, akafagia, akalala, na ndani yake hamkuwa na kitu, kama nyumba iliyohamwa.

"Kwani kwenye kompyuta yake hakuna?"

"Majani matupu. Nimezipitia zote. Hata kidole changu hakimo."

Okuda akawauliza wenzake. Wakatazamana kama watoto walioulizwa nani kavunja chungu. Miaka yote hiyo bega kwa bega, wakinywa chai ya chupa moja, na hakuna aliyewahi kumgeuzia mwenzake kamera.

"Ngoja," Okuda akasema, akibonyezabonyeza kamera yake. "Ipo moja, ya mwaka jana. Aliingia kwenye picha yangu, nikamtukana hadi akacheka. Sijui kwa nini sikuifuta. Lakini haifai, shemeji. Uso hauonekani."

Kweli haukuonekana. Kihachi alikuwa amepiga goti upande wa pili wa bwawa, shingoni skafu aliyofumiwa na Fumiyo, na kamera imemfunika uso mzima. Ilimwelekea anayetazama.

"Nichapishie hiyo."

"Kasisi atasema nini?"

"Kasisi hakuishi naye. Huo ndio uso niliouzoea."

Kesho yake Okuda aliileta mlangoni, akakataa kuingia, akaondoka akipangusa pua. Fumiyo aliitoa ile ya leseni kwenye fremu, akaitia hii, akaisimamisha kwenye altare karibu na ubani. Akaenda jikoni kupakua wali wa kumwekea marehemu hapo altareni.

Aliporudi na kibakuli, kamera ilikuwa inamtazama. Miguu yenyewe, kwa mazoea, ikasogea kando ili asiingie kwenye picha.

Alisimama hapo pembeni mpaka mvuke wa wali ukaisha. Kisha akarudi katikati, akapiga magoti mbele ya mumewe, akaweka nywele sawa nyuma ya sikio, akatulia bila kupepesa macho.