Jina Alilochelewa Kulitoa Nyamoita

Nyamoita alikuwa na wajukuu kumi na mmoja, na kumi kati yao aliwapa majina yeye mwenyewe. Wa kumi na mmoja alifika Kebirigo akiwa na umri wa miaka mitatu, kutoka makao ya watoto kule Kisumu. Alikuja na karatasi za mahakama, jina la Maureen, na nywele laini zilizokataa kabisa kusukwa.

"Mhindi!" soko zima lilisema kabla jua halijatua.

Osoro, mwanawe Nyamoita, na mkewe Loice walikuwa wamengoja mtoto miaka kumi na miwili. Wiki ile ile waliyomleta, Loice alimwendea mama mkwe wake jikoni. "Mama, tupe jina la nyumbani la mtoto."

"Nitafikiria," Nyamoita alijibu. Akafikiria miaka mitano.

Si kwamba hakumpenda. Alimtengea viazi vitamu vya majivuni, alimfundisha kuchuma chai, na alimkaripia sawasawa na wengine. Lakini majina ya nyumbani yalikuwa ya marehemu wa ukoo, na Nyamoita aliogopa kuwakosea wazee wake kwa kumpa jina lao mtoto ambaye hata hawakujua alikotoka. Kwa hiyo alimwita "mgeni wangu". Mtoto akaitika kwa furaha, akidhani ni jina la kumdekeza.

Agosti ya mwaka huo wa tano magoti ya Nyamoita yalimzidi. Osoro aliazima gari la jirani akampeleka kliniki mjini Nyamira. Shule zilikuwa zimefungwa, basi Maureen, ambaye sasa alikuwa na miaka minane, akaenda nao. Osoro aliwaacha kwenye foleni. "Naegesha gari, narudi sasa hivi," alisema. Sasa hivi ya Osoro wote nyumbani waliijua.

Kwenye benchi, mwanamke aliyepakata mtoto mchanga aliwatazama weee, mwishowe akashindwa kuvumilia. Akamuuliza Nyamoita kwa Kikisii, "Mama, huyu mtoto wa watu umemtoa wapi?"

Maureen akajibu kwa Kikisii cha Kebirigo, kisicho na doa, "Mimi ni wa Kebirigo. Na wewe, wa wapi?"

Benchi zima liliangua kicheko. Mwanamke alijiziba mdomo kwa kiganja, kisha akasogea ili mtoto akae vizuri.

Zamu yao ilipofika, walimkuta tabibu kijana, mpole, mwenye Kiswahili cha Pwani. "Karibu, bibi. Keti."

"Mimi si bibi yako!" Nyamoita aling'aka. Kwao, bibi ni mke wa mtu.

"Anamaanisha nyanya, Magokoro," Maureen alimnong'oneza. Magokoro ndivyo wajukuu wote walivyomwita. Kuanzia hapo mtoto ndiye aliyekuwa mkalimani, kwa sababu Kiswahili cha Nyamoita kilikuwa cha kuuzia ndizi tu. Kilitosha kusikia, hakikutosha kueleza maradhi.

Kijana aliuliza maumivu yalianza lini. Nyamoita akaeleza kirefu kwa Kikisii, mikono ikipaa.

"Anasema yalianza siku ng'ombe wa Ogari alipoingia kwenye chai yake, naye akamfukuza mpaka mtoni," Maureen alitafsiri. "Na anakunywa dawa ya jirani, lakini amesema nisiseme."

Kijana aliweka kalamu chini akacheka hadi akafuta macho. "Hebu nielezeni. Kati yenu wawili, Mkisii ni yupi?"

"Sote," Maureen akasema.

"Haya. Niandike jina la aliyekuja na mgonjwa. Unaitwa nani?"

"Maureen Osoro. La katikati bado. Magokoro anafikiria."

"Anafikiria tangu lini?"

"Tangu nikiwa na miaka mitatu," mtoto alijibu bila kinyongo, kama anayesema mvua haijanyesha.

Maneno hayo Nyamoita hakuhitaji kutafsiriwa. Alihisi shingo ikimchoma kwa aibu. Mtoto alikuwa amengoja wakati wote huo, na hakuwahi kuuliza hata mara moja! Alimtazama alivyokaa pembeni yake, amemshikia mkoba na fimbo, yuko tayari kumsemea mbele ya dunia nzima. Wazee wangemlaumu kwa lipi?

"Nyanchera," alisema kwa sauti. Kisha kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Andika hapo. Maureen Nyanchera Osoro."

Mtoto aligeuka. "Ni la nani?"

"La mama yangu. Alizaliwa njiani, nyanya yangu akitoka sokoni, ndipo akaitwa hivyo. Na hakuwahi kunyamaza siku hata moja."

"Kama mimi?"

"Kama wewe kabisa."

Osoro aliporudi, amebeba maandazi, Nyanchera alimrukia mlangoni akamweleza yote kwa pumzi moja. Osoro aliegemea ukuta, akampigia Loice simu. Vigelegele vya Loice vilitoka kwenye simu ile vikajaza ukumbi. Mwanamke wa mtoto mchanga, ambaye hakujua hata wanashangilia nini, akavipokea.

Jumamosi, baada ya ibada ya Sabato, mzee Machogu, aliyemfahamu marehemu Nyanchera, alikuja kumsalimia mtoto kwa mikono miwili. "Basi, Nyamoita," akasema, "tangu leo huyu ni mama yako. Utamtii."

Nyanchera hakupoteza muda. Jumatatu asubuhi Loice alimkuta mama mkwe wake ameketi kivulini, miguu juu ya kigoda, kikapu cha chai kando yake kikiwa kitupu.

"Mama, huendi kuchuma leo?"

"Mama yangu amenikataza," Nyamoita alisema, akijinyoosha vizuri kitini. "Amesema akinikuta shambani kabla magoti hayajapona, atanichapa."