Anga Alilolichagua Neli

Asajile alikuwa seremala wa misheni ya Matema, na kazi ya picha ilimjia kwa sababu ya macho ya mtu mwingine. Mchungaji Mjerumani aliyeileta kamera kutoka kwao alianza kuona ukungu mwaka ule wa 1910. Kwanza akawa anaelekeza tu, mikono ikawa ya Asajile. Mwaka uliofuata hata kuelekeza akaacha. "Wewe piga," alisema, "mimi nitazituma Ulaya."

Basi Asajile akapiga wabatizwa, maharusi, na wazee wa kanisa wenye kofia mapajani. Lakini moyo wake ulikuwa milimani. Pale Matema milima ya Ukinga hushuka mpaka majini kana kwamba haikuliona ziwa, na alasiri jua likiipiga kutoka magharibi, upande wa Mwaya, kila korongo hujitokeza. Macho yaliona hivyo, kioo cha kamera hakikuona. Kila picha aliyoitoa ilikuwa na ufukwe mweusi kama masizi, milima iliyofifia, na juu yake weupe mtupu. Watu walizisifu. Mkewe Tusekile, aliyemsaidia kusuuza karatasi kwenye mabeseni, alizisifu pia, na Asajile akajua kwamba hapo hatapata msaada.

Aliyemwambia ukweli ni Hezroni, Mngonde wa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, aliyefundishwa kazi hiyohiyo na Waskoti wa kule. Dada yake aliolewa Bujonde, na kila kiangazi alipokuja kumsalimu alifika hadi Matema na bahasha ya picha zake.

"Ugonile, nkamu," alisalimu mlangoni kama ndugu kwa ndugu, na kabla hajakaa akaziona picha zilizotandazwa juu ya meza ya useremala. Akazipitia moja moja. Moja akairudia mara mbili.

"Sema," Asajile akamwambia.

"Umesimama mahali pazuri. Huu mtumbwi unaosukumwa majini, na huyu mama aliyeshika kasia, mimi sijapata picha kama hii. Lakini umeichapa kama mtu anayechoma mahindi upande mmoja. Huku imeungua, huku ni mbichi."

Asajile aliumia, maana picha ile ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Hata hivyo alivuta kigoda akakaa. "Nionyeshe."

Siku hizo karatasi ya picha ilibanwa nyuma ya kioo kilichonasa picha kamerani, ndani ya fremu ya mbao, kisha ikaanikwa juani. Palipopitisha mwanga karatasi iligeuka hudhurungi, polepole, huku mtu akichungulia. Hezroni aliiweka fremu juani, na ufukwe ulipoiva akaufunika kwa kipande cha karatasi nzito, akaiacha milima iendelee kunywa jua peke yake.

"Mkono usitulie," alisema, akikichezesha kile kipande. "Ukitulia utaacha mstari kama mpaka wa shamba."

Walipoitoa, makorongo yote ya Ukinga yalikuwepo. Asajile aliguna tu. Tusekile ndiye aliyepiga kigelegele.

"Bado anga," alisema Hezroni. "Anga lako ni ukuta uliopakwa chokaa. Nitakuachia kioo changu cha mawingu. Nilikipiga Karonga mwezi wa Januari. Ukimaliza kuchapa nchi, ifunike yote, weka kioo hiki, chapa wingu juu yake. Waskoti hufanya hivyo kila siku."

Hezroni akarudi Bujonde. Asajile aliharibu karatasi tatu, ya nne ikatoka. Lo! Mawingu makubwa yalijaa juu ya milima, na chini yake mtumbwi mdogo wenye vyungu ukiondoka ufukweni. Mchungaji aliisogeza karibu na pua, akaitazama kwa muda mrefu, akaagiza itundikwe shuleni. Nakala nyingine ilipelekwa kanisani Mwaya. Kwa wiki mbili Asajile alitembea kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Kisha akaja Neli.

Neli alikuwa Mkisi wa Ikombe, mfinyanzi, mjane aliyesafirisha vyungu vyake mwenyewe kwa mtumbwi hadi sokoni Mwaya. Ndiye aliyekuwa ameshika kasia kwenye picha. Hakugonga mlango. Alimwita Asajile hadi shuleni, akasimama mbele ya ukuta, akaweka kidole.

"Fundi, huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Na hili lililo juu yangu?"

"Wingu."

"Wingu gani? Hili ni la masika, tumbo lake jeusi. Likikaa hapo hakuna anayeshusha mtumbwi, hata mlevi. Mimi niondoke na vyungu arobaini chini ya wingu hili? Mwaya nzima wananiuliza kama nimechoka kuishi. Kuna mwanamke amekataa vyungu vyangu. Anasema asiyeyajua maji hata udongo hawezi kuujua."

Asajile akafungua mdomo, lakini Neli alikuwa hajamaliza.

"Na tazama jua. Milimani linatokea huku, winguni linatokea kule. Siku ile Mungu aliwasha majua mawili?"

Asajile akatazama. Ilikuwa kweli. Wiki mbili nzima alikuwa ameiangalia picha ile asubuhi na jioni, asilione jambo hilo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, halafu, bila kutaka, akacheka. Neli alimkodolea macho. Kisha na yeye mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

Asajile akaitungua picha ukutani kwa mkono wake mwenyewe. "Nisamehe, mama. Siku ile juu kulikuwa na nini?"

"Vijiwingu vyeupe, vimelala kwenye vilele kama kuku wanaotamia. Ndiyo maana niliondoka."

Asajile akamwandikia Hezroni barua, naye akajibu kwa msafiri aliyekuwa anavuka Songwe: *Nimechekwa na nimestahili. Wingu la kuazima ni kama koti la kuazima. Piga la kwako, palepale, saa ileile. Ila anga hushiba mwanga upesi kuliko nchi, kwa hiyo fungua na ufunge kabla hujapumua.*

Asajile akachukua kamera na miguu yake mitatu, akaisimamisha ufukweni, karibu na jiwe alipopigia ile picha ya mtumbwi. Hakwenda peke yake. Alimwomba Neli aje, naye Neli alikuja na udongo wake, akaketi mchangani akikanda, kila siku saa tisa alasiri.

"Hili je?" Asajile aliuliza siku ya kwanza.

Neli akainua macho. "Hilo ni la moshi wa mashamba."

Siku ya pili anga lilikuwa tupu. Siku ya tatu Asajile aliona wingu zuri mno, limejipinda kama pembe ya ng'ombe, mkono wake ukaenda kwenye kifuniko cha kamera. "Acha," alisema Neli bila kusimama. "Hilo lina upepo ndani." Na kweli, kabla hawajafika nyumbani ziwa lilikuwa limechafuka, na wavuvi walikuwa wanakimbiza nyavu.

Siku ya nne Neli alitikisa kichwa akaendelea kukanda. Siku ya tano akauacha udongo, akasimama. Juu ya vilele vilikuwa vimelala vijiwingu vitano au sita, vyepesi, jua likivipiga kutoka upande wa Mwaya.

"Hili," alisema. "Kamata."

Asajile akafungua kifuniko, akakirudisha kabla hajapumua.

Walichapa kesho yake. Kwanza nchi: ufukwe, kisha milima, mkono wake ukicheza bila kutulia. Halafu anga. Neli aliketi mbele ya fremu akiiangalia karatasi ikiiva, kama anavyoangalia chungu motoni, kisha akamwambia, "Inatosha hapo," Asajile akaitoa. Tusekile akaisuuza maji saba. Ilipokauka, hakuna aliyeisifu kwa sauti. Neli alijitazama ndani yake, akiwa na kasia lake na vyungu vyake arobaini.

"Sasa naondoka," alisema. "Ndaga fijo, fundi," akamshukuru.

Aliipeleka Mwaya mwenyewe, akaisimamia hadi ikatundikwa badala ya ile ya zamani. Yule mwanamke aliyekataa vyungu alikuja kuitazama kama wengine, na alirudi nyumbani na vyungu viwili.

Kiangazi kilichofuata Hezroni alifika na bahasha nene kuliko zote. Alimsalimu Asajile, akamsalimu Tusekile, kisha akauliza, akijifanya hajali, "Yule mama yupo?"

Neli akaitwa. Akanawa udongo mikononi, akaketi, akazipitia picha za Karonga moja baada ya nyingine. Hezroni alisimama nyuma yake kama mtoto anayesikilizwa katekisimu. Asajile akamwonea huruma, akatangulia yeye kusema. "Hii nayo, nkamu, mbele pamekuwa patupu. Ungesogea mpaka kwenye matete."

"Hata mimi nilihisi," alisema Hezroni, akaliandika neno hilo nyuma ya picha kwa penseli.

Neli alitenga picha mbili alizozikubali upande wa kulia, nyingine zote akazirudisha kwenye bahasha. Tusekile akaleta ndizi za mbalaga zingali moto, wakasogeza zile picha mbili ukingoni mwa meza zisidondokewe na mchuzi, wakabishana juu ya zile zilizokataliwa huku wakila.