Darasa la Watoto Arobaini

Mkaguzi wa shule aliposimama mlangoni mwa darasa la pili, hakuhesabu. Watu wa cheo chake hawahesabu. Hutupa jicho mara moja, wakakadiria. Watoto walikuwa wamebanana kwenye madawati, viwiko mbavuni, na vitu vilivyosongamana siku zote huonekana vichache kuliko vilivyotawanyika. "Kama arobaini hivi," alisema. Karani akaandika, na watoto waliozidi arobaini wakaacha kuonekana.

Mwalimu aliendelea na somo la kujumlisha. Kelele zilikuwa zilezile na joto lilelile, ila sasa chaki ikianguka ilirudi mezani yenyewe. Wakubwa walifurahi. Msongamano, ugonjwa sugu wa shule ile, ulikuwa umetibiwa bila kununua hata tofali moja.

Kifungo, binti wa mama mmoja fundi cherehani, alikuwa miongoni mwa waliozidi. Jioni mama yake alimtambua kwa kikohozi, akamwogesha kwa kupapasa. Kumsuka nywele ndiko kulikomshinda. Asubuhi akaenda shuleni.

"Mwalimu, si uwatawanye kidogo, waonekane wengi?"

"Niwatawanyie wapi, mama? Vyumba tunapewa kwa idadi inayoonekana."

Basi fundi akamshika bintiye mkono, wakaenda ofisini kwa mkaguzi. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alisogeza kikombe chake cha chai, akakodolea macho upande uliotoka kikohozi.

"Huyu ni mmoja," alisema.

Kwa mmoja, wawili, hata watatu, jicho halina haja ya kukisia. Kifungo akatokea kitini, nywele timutimu, akiangalia biskuti za mkubwa. Mama yake alilia kwa furaha palepale na hakuona haya.

"Ila darasa ni la watoto arobaini," mkaguzi alimkumbusha. "Nikisema vingine, itaonekana nilikosea."

"Nimeelewa, mheshimiwa."

Jumatatu, Kifungo alipokaa, mvulana wa dawati lake alikuwa amesimama kujibu swali. Alitoweka kabla hajamaliza. Jibu alilimalizia hivyohivyo, nalo lilikuwa sahihi. Mwalimu akasema vizuri sana, akageukia ubao.

Jioni mama wa yule mvulana alifika kwa fundi, mkono wake umeshika kitu hewani, usawa wa nyonga.

"Dada, nasikia wako amerudi. Ulipita kwa nani?"

Fundi alimtazama Kifungo, aliyekuwa sakafuni akipanga vipande vya vitambaa, anaonekana mzimamzima. Yeye na mwanamke huyu walikuwa wakiazimana sindano tangu usichana wao.

"Hata sijui, dada," alisema. "Alirudi tu mwenyewe."

Akainama, akatia uzi, akaendelea kushona.